Ufundi wa Mdomo wa Bata kwa Mwenye Haraka

Karibu, ndugu yangu, rudisha mlango kidogo. Nimesikia unatafuta kazi ya mikono isiyo na msongamano. Simu usiguse: Kariakoo kila ngazi ina fundi wake, tena mteja wa simu haondoki, anakukodolea macho mpaka umalize. Cherehani nayo ina kesi zake. Gauni likimbana mama, anajua kabla hajafika kwenye kioo. Wewe nenda kwenye saksafoni, ule mdomo wa bata. Mji una bendi za dansi, una matarumbeta ya harusi yanayozunguka na pikapu kila Jumamosi, una makanisa yenye vikundi vya kupuliza. Wapulizaji tele. Mafundi wa kweli unaweza kuwapakia wote kwenye bajaji moja na dereva akaendelea kuita abiria.

Na kuna tamu zaidi ya hiyo. Gari likizimika njiani, watu humlaani fundi. Saksafoni ikikwaruza ukumbini, watu humtazama anayepuliza. Nitajie kazi nyingine yenye kinga ya namna hiyo.

Haya, kaa. Soda utanunua wewe.

1. Ulimi kabla ya bisibisi

Kupuliza si lazima ujue. Fundi majeneza halali ndani ya anachokitengeneza. Unachohitaji ni maneno machache ya kumfanya mteja ajione mjinga bila kujiona katukanwa.

La kwanza: mwambie saksafoni ni ya ukoo wa vyombo vya mbao. Atacheka, maana anaiona shaba tupu kuanzia shingoni hadi kwenye domo. Mwache acheke, kisha mweleze kwa upole kwamba ukoo wa chombo hautazamwi kwa kiwiliwili, hutazamwa kwa kinachozaa sauti. Hapa sauti huzaliwa na ridi, kile kipande cha tete kinachobanwa kwenye kipulizio, kama ilivyo kwa klarineti. Kwa hiyo huyu ni binamu wa nzumari, wala si wa tarumbeta. Hayo ni kweli tupu, na ndiyo uzuri wake. Ukianza na ukweli mmoja, uongo kumi unaofuata hupita bila kupekuliwa.

La pili ni historia, lakini kidogo. Aliyeibuni ni Adolphe Sax, Mbelgiji wa mji wa Dinant, aliyezaliwa 1814 na kupata hati ya ubunifu huo Ufaransa mwaka 1846. Ishia hapo. Kwamba baadaye alifilisika mara tatu, liweke akiba. Tutalihitaji kwenye bei.

La tatu ni majina. Mteja akimaliza kueleza shida yake, inamisha kichwa, kaa kimya kwa muda wa kumeza mate, kisha sema: "Verckys asingekubali sauti hii." Akiwa kijana asiyemjua Verckys Kiamuangana, mpuliza saksafoni wa Kinshasa, taja Manu Dibango. Akiwa hamjui hata huyo, ongeza elfu ishirini.

Karakana yenyewe isikupe taabu. Meza, taa ya kuinamia, bisibisi ndogo za fundi saa, na ile lenzi ya sonara ya kubana kwenye jicho, hata kama huoni kitu ukiivaa. Ukutani tundika saksafoni moja iliyokufa zamani, isiyo na vitufe. Wateja watadhani ni mgonjwa aliye katikati ya upasuaji. Yangu ina miaka saba ukutani na bado wanamwulizia hali.

2. Ugonjwa ni mmoja

Shika hili vizuri, maana ndilo litakalokulisha. Saksafoni ni bomba la shaba lililo jembamba juu na pana chini, lenye matundu 20 na ushee. Kila tundu lina kisahani chake, na ndani ya kila kisahani imo padi ya kuliziba. Kisahani kimoja kisipokaa sawasawa, hewa inapenya, na kila noti inayotegemea matundu ya chini yake inaanza kukohoa. Tundu bovu linaweza kuwa kule juu karibu na shingo, na anayelia akawa ni noti ya mwisho kabisa huku chini. Ndiyo maana mpulizaji mwenyewe hajui anapoumwa.

Kwa hiyo mteja akiingia, kabla hajafungua mkoba, sema: "Inavuja hewa." Hutakosea kamwe. Ni kama kumwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba kuna siku maji yalikatika.

Kuna watu hutafuta inapovuja. Huchukua karatasi ya kusokotea sigara, wakakata kipande chembamba kama ukambaa, wakakiingiza chini ya padi, wakabonyeza kitufe kwa kidole kimoja tu, kisha wakavuta taratibu. Karatasi ikigoma, padi imekaa. Ikiteleza kama noti kwenye mkono wa trafiki, hapo ndipo penye tundu. Hufanya hivyo pande zote za kila padi, moja baada ya nyingine. Wewe usithubutu. Ukitafuta utaona, na ukiona itakubidi utengeneze.

3. Ng'arisha

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ndipo pesa ilipo.

Mteja wako hajaleta saksafoni, ameleta sura yake. Jumamosi atasimama mbele ya bwana harusi, mpiga video atamsogelea na taa yake kali, na ndugu wa kule kijijini wataitazama picha hiyo miaka kumi. Sauti haiwahusu. Mpiga video akifika nyumbani ataifuta na kubandika juu yake wimbo wa mtu mwingine. Mng'ao ndio utakaobaki. Sasa kwa nini uhangaike na padi ambazo hata mama yake mzazi hawezi kuziona?

Nunua dawa ya kusugulia shaba, ile nzito yenye harufu ya kuumiza pua, na fulana kuukuu. Sugua. Kitambaa kitakuwa cheusi na mteja akikiona atashika kifua: "Kumbe ilikuwa na uchafu wote huu!" Usimwambie kwamba saksafoni nyingi hutoka kiwandani zimepakwa vanishi nyembamba isiyoonekana, na kwamba ulichomaliza kusugua ni hiyo vanishi, na weusi ule ni shaba yenyewe inaanza kuondoka kwao. Kwa wiki tatu itawaka kama sufuria ya bibi harusi. Wiki ya nne upepo wa bahari utaifikia ikiwa uchi, itafifia, na mteja atarudi kusuguliwa tena. Mimi huita hiyo ajira ya kudumu.

Uji wa dawa utaingia chini ya vitufe, kwenye bawaba na vinguzo vyake, kisha ukauke kama chokaa. Vitufe vitakuwa vizito. Vizuri. Wazungu husema chombo kizuri kina uzito mkononi. Kama hawasemi, sema wewe umewasikia.

Ukikutana na saksafoni ya zamani yenye maua yaliyochongwa kwa mkono kwenye domo, sugua zaidi. Maua yakififia, domo linabaki laini kama kijiko. Wapo wakusanyaji huko Marekani na Ulaya ambao saksafoni kuukuu iliyosuguliwa na kupakwa vanishi mpya hawaipi bei ya ile iliyoachwa na kutu yake ya heshima. Lakini mteja wako hauzi Marekani. Anapuliza Mbagala.

Na yale madoa mekundu, hasa ndani ya shingo pale mate yanapotuama? Shaba hii ya njano ni ndoa ya shaba nyekundu na zinki. Unyevu ukikaa muda mrefu, zinki hutoroka na kumwacha mwenzake peke yake, amekonda, ana vitundu. Mteja akiyaona, tabasamu. "Hongera," mwambie. "Dhahabu imeanza kujitokeza."

4. Padi

Padi ya kweli ni keki ndogo ya tabaka tatu: karatasi ngumu chini, sufu iliyoshindiliwa katikati, na ngozi laini juu. Kila kisahani kina kipimo chake, na tofauti ya nusu milimita ni kesi. Huwekwa kwa lakiri au gundi ya kuyeyuka kwa moto, kusudi fundi aweze kukipasha kisahani tena na tena, asogeze padi kidogo huku, kidogo kule, mpaka mdomo wa tundu uchore duara moja kamili juu ya ngozi.

Wewe nenda kwa fundi viatu. Mwombe vipande vya ngozi ya ndani ya kiatu, kata kwa macho, bandika kwa ile gundi ya dakika moja inayobandua na ngozi ya kidole. Haitatoka milele. Fundi atakayekuja baada yako atalazimika kuivunjavunja kwa patasi, na atakutukana kwa jina. Kutajwa na mafundi wenzako ndiko kujulikana huko.

Padi ikigoma kuziba upande mmoja, usiipashe moto. Kisahani ni cha shaba, kinapinda. Kipinde. Ukishakipinda hicho, cha jirani yake hakitafunga, kwa sababu vimeunganishwa vifunge pamoja. Kipinde na hicho. Endelea hivyo kuteremka mpaka ufike kwenye domo, ambako hakuna tena cha kupinda, na hapo kazi imekwisha.

5. Springi

Vitufe vingi hurudishwa, kila kimoja, na kijichuma chembamba kama sindano. Chumvi ya pwani hukipenda sana. Kikikatika, tafuta mpira wa kufungia mabunda ya noti, uzungushe kwenye kitufe na kinguzo, basi. Huu si hata udanganyifu. Wapulizaji wengi wameokolewa na mpira jukwaani usiku wa manane, na sindano ya kushonea iliyokatwa vizuri imewahi kufanya kazi ya springi miaka mingi. Udanganyifu ni kuandika kwenye risiti: springi mpya, Ujerumani.

Chagua tu mpira wa rangi ya shaba.

6. Ji shapu

Kipo kitufe kimoja, cha noti ya ji shapu, ambacho asubuhi huamka kimenata. Muundo wake ndio unaomwonea: muda mwingi kimelala kimefungwa, na springi ya kukiinua ni dhaifu makusudi. Sasa mpulizaji anakunywa soda mezani, anapanda jukwaani, anapuliza sukari yote ndani. Sukari ikikauka juu ya ngozi inakuwa gundi bora kuliko yako.

Dawa yake ni kipande cha karatasi safi chini ya padi, ufunge, uvute, mara tatu nne, na kitambaa chenye kamba cha kupitisha ndani ya bomba baada ya kila onyesho. Ni kazi ya dakika mbili ambayo mwenye saksafoni angeweza kuifanya mwenyewe nyumbani kwake. Kwa hiyo mfukuze karakanani kwanza. Mwambie arudi Alhamisi.

7. Mibonyeo

Saksafoni huanguka. Huangushwa na watoto, huangushwa na stendi ya bei rahisi, hukaliwa na mjomba kwenye pikapu. Mnyooshaji wa kweli huingiza fimbo ndefu yenye kichwa cha chuma cha mviringo, akasukuma mbonyeo kwa ndani pole pole kama mtu anayemtoa mtoto mwiba. Wewe mpelekee fundi bodi wa magari pale Gerezani. Ana nyundo, ana moyo, na hana maswali.

Akiirudisha ina kona ambayo haikuwapo, usitaharuki. Mweleze mteja habari za Dizzy Gillespie, Mmarekani yule wa mashavu. Mwezi Januari 1953, kwenye sherehe ya mkewe huko New York, watu waliiangukia tarumbeta yake, domo likapinda kutazama juu. Akaipuliza hivyo hivyo, akaipenda, na baadaye akawa anaagiza mpya zikiwa zimepinda tayari. Halafu mwambie mteja wako, kwa sauti ya chini: "Kwa wengine ingekuwa na gharama ya ziada."

8. Mzee wa kukwepa

Sasa sikia onyo. Ukikaa kwenye kazi hii utasikia habari za mzee fulani, mstaafu wa bendi, anayefanyia kazi uani kwake. Hana kibao, hana lenzi ya sonara. Ana simu ya kitochi inayofungwa kwa utepe, na hupokea mlio wa kwanza kama vile alikuwa anakungoja. Mtu wa namna hii anaharibu soko.

Mimi nilikwenda kwake mara moja tu, usiku, kwa shida. Nilikuwa na saksafoni aina ya tenori ya mteja mmoja mkorofi niliyokwisha kuisugua, nikaipinda, nikaibandika, na bado noti za chini zilikuwa zinatoa sauti ya mbuzi aliyefungiwa kwenye gunia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Lete."

Hakuuliza nani aliifanya hivyo. Aliigeuza mara moja, akazigusa ngozi zangu za kiatu kwa kucha, akanitazama, akarudi kuitazama saksafoni. Nilijisikia kama nimekamatwa na kuku mkononi.

Kisha akazima taa. Dirisha akaliziba kwa kanga ya mkewe. Akachukua balbu ndogo iliyofungwa kwenye waya mrefu, akaitumbukiza ndani ya bomba, akaiwasha. Saksafoni nzima ikawa na mwanga tumboni. Akaanza kufunga kitufe kimoja kimoja, kwa uzito wa kidole tu, bila kukamua. Pale padi ilipokaa sawa, giza likafunga. Pale isipokaa, ukatoka ukingo wa mwanga, mwembamba kama ule wa alfajiri chini ya mlango. "Hapa," akasema. Hilo tu. Akawasha kiberiti cha gesi, akakipasha kisahani kwa mbali, akachomeka kijembe chembamba, akainua padi kwa kiasi ambacho mimi sikukiona, akafunga, akangoja ipoe. Akawasha balbu tena. Mwanga ulikuwa umehamia upande wa pili, umebaki kama unywele. Akarudia. Padi moja ilimchukua dakika 20, na zangu alizing'oa 11.

Karibu na alfajiri yenyewe akachana kipande cha karatasi ya sigara, akakibana chini ya kisahani cha mwisho, akanipa nivute. Nilivuta. Ikang'ang'ania mpaka ikakatika.

Akapuliza noti moja tu, ile ya chini kabisa, bi flati, kwa pumzi ndogo sana ili asiamshe nyumba. Nakwambia ilitoka nene na tulivu kama mtu mzima anayesema naam.

Alinitoza elfu arobaini. Nilikuwa nimemtoza mteja laki moja na themanini. Kwa hesabu hiyo utaona mwenyewe nani kati yetu anajua kazi.

9. Kujaribu mbele ya mteja

Siku ya kuchukua, ndiyo siku ya mtihani, na mtihani utautunga wewe. Noti za saksafoni si sawa mbele ya haki. Bi flati ya chini inataka karibu kila tundu lifungwe, kwa hiyo ndiye shahidi wa mashtaka, usimwite kizimbani. Anza na si shapu ya katikati, ambayo haihitaji kidole chochote kuziba tundu. Hata saksafoni iliyoliwa na panya itaitoa. Kisha bi, kwa kidole kimoja. Kisha ei, kwa viwili. Ukifika ji, vidole vitatu, simama, funga macho, tikisa kichwa kwa uchungu wa furaha, na uirudishe kwenye mkoba haraka.

Mteja akisisitiza ashuke chini, mkabidhi, lakini kabla hajapuliza mwambie ashike kwa nguvu. Padi mbovu ikikamuliwa kama ndimu huziba kwa muda. Vidole vyake vitachoka baada ya nyimbo mbili, ila nyimbo mbili zenyewe atazipigia mbali na karakana yako.

Kama kipulizio kinacheza shingoni kwa sababu kigome kilichovishwa shingo kimechakaa, kizungushie ile tepu nyeupe ya mafundi bomba. Hiyo nayo ni kinga ya jukwaani inayofanya kazi. Iandike kama kigome kipya, Ureno.

10. Akirudi

Atarudi. Mpokee kwa furaha kuliko siku ya kwanza. Mwite "kaka mkubwa", mpe kiti chako. Kisha mpandishe ngazi, kidato kwa kidato, na usiruke hata kimoja.

Kidato cha kwanza ni ridi. "Unapulizia ridi gani?" Jibu lake lolote, guna. Ridi ni tete lililokatwa, la mimea ile inayolimwa hasa kusini mwa Ufaransa, na kwenye boksi moja la ridi kumi ni kawaida mbili tatu zikawa butu tangu kuzaliwa. Akisema namba mbili na nusu, mwambie ajaribu tatu. Akisema tatu, mwambie ajaribu mbili na nusu. Umejipatia mwezi.

Kidato cha pili ni kiyoyozi. Chombo cha kupuliza kikipoa, sauti hushuka. Kikipata joto, hupanda. Kumbi zote za harusi siku hizi zina kiyoyozi, na zisizo nacho zina joto. Hakuna ukumbi atakaoutaja usioweza kuushtaki.

Akipanda cha tatu, akaanza kusema labda chombo chenyewe ni cha bei rahisi, mpe Charlie Parker. Mwaka 1953, Toronto, kwenye ukumbi wa Massey Hall, bwana yule alipanda na saksafoni ya plastiki nyeupe, na rekodi ya usiku ule watu wanaisikiliza hadi leo. "Plastiki, kaka," mwambie, ukiligusa domo la yake linalong'aa. "Wewe una shaba."

Baada ya hapo kinabaki cha mwisho, ambacho hakuna mpulizaji aliyewahi kukivuka: mazoezi. Sonny Rollins alikuwa jina kubwa tayari alipoacha majukwaa mwaka 1959, na kwa karibu miaka miwili akawa anakwenda kupulizia kwenye daraja la Williamsburg, New York, hadi 1961. Msimulie taratibu. Kisha muulize, kama ndugu, yeye mara ya mwisho alifanya mazoezi lini. Atatazama viatu vyake. Wote hutazama viatu. Mwonee huruma, mwambie hata Kigamboni daraja lipo.

11. Bei na risiti

Akilalamikia bei, ndipo umtoe Adolphe Sax kutoka akiba. Mwambie mvumbuzi mwenyewe alifilisika mara tatu, 1852, 1873 na 1877, na sehemu kubwa ya maisha yake aliimaliza mahakamani akipambana na washindani. Nyamaza. Acha ajiulize kama anataka jambo hilo likupate na wewe, una watoto.

Risiti mpe, usiwe mhuni. Iandike kwa penseli. Panapoandikwa dhamana, weka mwezi mmoja na usiseme mwezi upi. Jina la karakana liwe lako, kwa herufi kubwa, na mhuri kama unao.

Chini kabisa kuna mstari wa namba ya simu ya malalamiko. Hapo usiweke yako, wala usithubutu kuweka yangu. Weka ya yule mzee. Hupokea mlio wa kwanza.